Mkate wa Arvo, Pipi ya Reino

Anchorage, Jumatatu, 11 Januari 1999

Dada Kaarina,

Mama ametaja majina matatu kwa picha tatu, na hakukosea hata moja. Aliyesema hivyo ni Bi Marit Tollefson, mwanafunzi wa chuo kikuu anayekuja kwenu kila Alhamisi, katika barua aliyoniandikia baada ya Mwaka Mpya. Anasema vuli iliyopita mama alikuwa akibahatisha tu, na siku nyingine alimwita mchungaji jina la mbwa.

Nataka nihakikishe nimeielewa kazi yake. Kila sura ina zawadi yake peke yake. Mama akiitambua picha yangu anapewa pipi nyeusi ya chumvi, na pipi hiyo haipati kwa picha nyingine yoyote. Akimtambua Mzee Stanko wa jirani, anapigiwa kaseti ya kodiani. Zawadi ikiwa moja kwa wote, ugonjwa wa kusahau unamshinda. Kila sura ikiwa na yake, mama akiiona tu ulimi unaanza kungoja ladha fulani, na kungoja huko ndiko kunakovuta jina. Kama nimekosea, nisahihishe.

Sasa swali langu. Picha ya tatu, ambayo zawadi yake ni mkate wa iliki, Bi Marit ameiandika kwa jina la Arvo. Anadhani ni mjukuu. Nani aliiweka picha ya kaka yetu kwenye mazoezi, na kwa sababu gani?

Picha yangu mliyotumia ni ipi? Kama ni ile yenye ndevu, ndevu nilishazinyoa.

Reino


Kitongoji cha Alder, Minnesota, Jumapili, 17 Januari 1999

Reino mdogo wangu,

Unamwandikia dada yako kana kwamba mhariri wa gazeti lako amesimama nyuma ya kiti chako. Unakula lakini? Theluji ya huko imefika wapi? Hapa imefika kwenye dirisha la choo.

Najua utauliza kwa nini nisipige simu. Simu iko jikoni, na mama akiona nimeishika anakuja kusimama ubavuni kwangu kuuliza nani huyo, nani huyo, mpaka nakata. Barua ndiyo faragha niliyobaki nayo.

Mambo ya zawadi umeyaelewa. Mimi ndiye niliyechelewa kuyaelewa. Mwanzoni Bi Marit aliniachia maagizo, kila picha na kitu chake, akaenda zake. Mimi nikaweka mkate, pipi na jibini kwenye sahani moja katikati ya meza, picha yoyote itakayotoka. Umeshaona wapi katika nyumba hii mtu anawekewa kitu kimoja mbele yake kama mbwa? Bi Marit aliporudi, mama hakujua lolote, na yeye akakaa anakuna kichwa. Nilipomwonyesha sahani alicheka mpaka akavua miwani. Ni Mnorwe, lakini ana moyo mzuri.

Jambo la pili lililomsumbua ni kwamba mama alikuwa akikataa zawadi. Bi Marit alikuwa akiandika kwamba hazipendi. Nikamwambia amkaribishe tena, halafu mara ya tatu. Mama akaipokea pipi kwa vidole viwili, kama malkia. Mtu aliyelelewa vizuri hapokei kitu mpaka akatae mara mbili. Mama amesahau mwaka, amesahau rais, amesahau kama amekula, lakini hilo liko palepale.

Haya, Arvo. Niliiweka mimi. Bi Marit aliomba picha za watu ambao mama anawahitaji, walio hai. Lakini tangu Agosti mama alikuwa akizunguka nyumba akiuliza yule mvulana yuko wapi, yule mvulana, yule mvulana. Hakuwa hata na jina la kumwita. Nikaona nikimrudishia jina, na mengine yatarudi nalo, kwamba alizama, kwamba tulimlilia, kwamba imekwisha. Jina limerudi. Mengine hayakurudi. Mazoezi yanafundisha majina, Reino, hayafundishi kifo.

Sasa nikiwasha oveni na iliki ikaanza kunukia, mama anainuka, anachukua taulo na kuliweka kwenye benchi la sauna, chumba chetu cha kuogea mvuke. Anasema Arvo ameingia amelowa. Anasema kiatu ni kimoja tu, anamgombeza kwa hicho kingine. Halafu anakula kipande chake cha mkate akiwa na furaha ambayo sijaiona usoni kwake tangu baba alipokuwa hai. Jumamosi tukitoka sauna, ile kata ya mwisho ya maji anayomwagia mawe ya moto, aliyokuwa akiwaachia marehemu wote, siku hizi anaiacha kwa jina la Arvo.

Kwa hiyo usije ukaniandikia kwa hasira. Mama hana huzuni. Anatukumbuka sote.

Picha yako ni ile yenye ndevu. Pole.

Dada yako,
Kaarina


Anchorage, Jumatatu, 25 Januari 1999

Dada Kaarina,

Umeandika kwamba anatukumbuka sote. Bi Marit ametaja picha tatu, na yako haimo. Mama anakuitaje?

Nimezungumza na Bi Marit kwa simu kutoka ofisini. Nilimweleza Arvo ni nani. Alisema laiti angejua asingekubali. Nilimwambia si kosa lake, na si kosa kubwa la mtu yeyote. Nilimuuliza kinachompata mama harufu ya iliki inapotoka. Alisema kazi hiyo inaendeshwa na matarajio. Picha inamfanya angoje mkate, na huenda sasa mkate nao unamfanya amngoje mwenye picha. Njia imekanyagwa mpaka inapitika pande zote mbili.

Ushauri wangu ni kwamba uache kuoka. Iondoe picha ya Arvo, uiondoe na iliki humo nyumbani. Bi Marit hakushauri hivyo. Alisema angependa aje kwanza. Lakini Alhamisi mbili zijazo barabara zitakuwa zimefungwa kwa theluji, na mimi sipendi kusikia kwamba mama anatandikia taulo mtu aliyekufa mwaka 1961.

Kuhusu kiatu. Nilimwomba mtu wa maktaba ya wilaya anitafutie gazeti la wiki ile. Limeandika kwamba mvulana wa miaka kumi na mitatu alitumbukia kwenye barafu ya Aprili katika shimo la mgodi lililojaa maji, kwamba mwili haukupatikana, na kwamba kofia yake ilikutwa ukingoni. Kiatu hakikutajwa. Mimi nilikuwa na miaka sita na sikumbuki kiatu. Wewe ulikuwa na kumi na mmoja. Unakikumbuka?

Nijibu swali la kwanza kabla ya hili.

Reino


Kitongoji cha Alder, Jumatatu, 8 Februari 1999

Reino,

Niliacha kuoka, kama ulivyosema. Picha niliiweka ndani ya Biblia, iliki nikampa Mzee Stanko. Siku za mwanzo mama alitulia, nami nikasema moyoni kumbe kijana wa magazeti ana akili. Halafu akaanza kukaa kwenye kiti kilicho karibu na oveni. Oveni baridi. Anaishika kwa kiganja, kama unavyompima mtoto homa.

Jumanne nilikuwa chini nalisha tanuru kuni. Nilipopanda, mlango wa nyuma ulikuwa wazi na theluji inaingia mpaka kwenye zulia. Aliyemwona mama ni Mzee Stanko, dirishani kwake. Mama alikuwa ameshafika kwenye uzio wa shimo la mgodi, na taulo mkononi, na ndara miguuni. Tulimkuta ameshika waya za uzio. Alituambia, kwa upole tu, kwamba Arvo hajala tangu juzi.

Miguu yake ni mizima. Nesi amekuja, amesema tuna bahati.

Sasa swali lako la kwanza. Nilimshika mkono pale kwenye uzio nimrudishe nyumbani. Akautoa mkono wake taratibu, akaniangalia vile anavyowaangalia watu wa kanisa lisilo letu, akasema:

"Niachie tu, mama. Usijisumbue. Binti yangu Kaarina yuko njiani, anakuja kunichukua."

Mzee Stanko aligeuka akajifanya anatazama miti.

Ndivyo anavyoniita. Mama. Mama wa watu, mama mwenye nyumba. Siku nzuri ninakuwa "yule mama anayeleta vitu." Imekuwa hivyo tangu kabla ya Krismasi. Jina langu analo, Reino, analitaja kila siku, anamsifia huyo Kaarina mpaka natamani nikutane naye. Anayemkosa ni mwenye jina. Picha yangu sikuiweka kwenye mazoezi kwa sababu nani angefikiri? Mimi nimesimama pale pale mezani. Ninamwogesha. Nilimwambia Bi Marit kwamba mimi ananijua, na ninyi wote nikawaambia hivyohivyo. Nilikuwa nangoja iwe kweli kabla hamjauliza.

Kuna lingine, nalo sikutaka kuliandika. Wiki mbili zilizopita, mkate ukiwa bado mezani, mama alinisogelea akaninong'oneza kana kwamba ananitunzia heshima. Alisema Arvo anauliza yule mwanamke ataondoka lini.

Nimeanza kuoka tena tangu Jumatano. Usiniandikie chochote kuhusu hilo. Mama ameacha kwenda mlangoni. Taulo analiweka kwenye benchi, na asubuhi nikilichukua huwa limelowa. Najua sauna ina unyevu. Najua hivyo. Lakini nilianika lako la zamani kando yake makusudi, na lako lilikuwa kavu.

Kiatu nilimuuliza Mzee Stanko, kwa kuwa alikuwa mmoja wa waliotafuta. Alianza kuzungumza habari za kodiani, kisha akarudi kwenye kiatu. Alisema kiatu kilipatikana, cha mguu wa kushoto, kimekwama kwenye barafu. Wanaume walikubaliana wasimletee mama kiatu kimoja cha mtoto. Wakakirudisha majini. Hakuna aliyemwambia mkewe. Alisema wenzake wote wameshakufa, na mimi ni mtu wa kwanza kuambiwa.

Basi mama amekijua kwa nani?

Mimi si mtu wa mambo hayo, unanijua. Ninaendesha basi la shule, ninalipa bili. Lakini siku hizi nasikia iliki hata oveni ikiwa haijawashwa.

Kaarina


Anchorage, Jumapili, 14 Februari 1999

Dada Kaarina,

Ushauri wa kuacha mkate ulikuwa wangu, na ulikuwa mbaya. Endelea kuoka.

Kuhusu kiatu na taulo sina maelezo. Nimejaribu yale yanayoingia akilini haraka, nikayaacha. Inawezekana mwanamume mmoja alimwambia mkewe na mkewe akamwambia mama. Inawezekana mama anakisia tu, kwamba aliyezama hutoka na kiatu kimoja. Hakuna hata moja ninaloweza kulithibitisha, kwa hiyo siandiki kwamba ndivyo ilivyokuwa.

Hili la kwako ndilo nililoweza kulifanyia kazi. Nilimpigia Bi Marit nikamsomea sehemu ile ya uzio. Alilia, akaomba radhi kwa kulia, kisha akaniambia jambo ambalo ningependa ulisome polepole.

Alisema mama hajashindwa kukutambua wewe kwa sababu ya ugonjwa peke yake. Pipi inatoka mkononi mwako. Mkate unatoka mkononi mwako, kaseti unaiweka wewe, dawa chungu unampa wewe, maji ya kuoga unayamwaga wewe. Picha yangu ina ladha moja. Wewe una ladha zote, na mtu mwenye ladha zote hana hata moja ya kumtambulisha. Ni kama ile sahani uliyoiweka katikati ya meza. Wewe umekuwa ile sahani.

Hakusema kwamba mama hakupendi. Nilimuuliza waziwazi, na alisema kipimo chake hakipimi hilo, lakini mtu anayemngoja binti yake kwenye uzio wa theluji hajamsahau binti yake.

Kinachotakiwa ni mambo mawili. Kwanza, mtu mwingine awe mkono wa kugawa kwa muda, ili wewe usiwe mgawaji. Huyo nitakuwa mimi. Nimeomba likizo na nimepewa. Pili, uwe na zawadi yako, kitu ambacho mama anakitaka sana, ambacho hakipati kwa mtu mwingine wala wakati mwingine. Peremende haifai. Jibini ameshaizoea. Fikiri ni kitu gani mama anakitaka humo nyumbani na hakuna anayempa.

Usinijibu haraka. Mwangalie siku chache kwanza.

Reino


Kitongoji cha Alder, Jumatatu, 22 Februari 1999

Reino mdogo wangu,

Sikuhitaji siku chache. Nilikuwa nimelijua jibu kabla sijaikunja barua yako, ila nimengoja kwa sababu ulisema ningoje.

Ni birika.

Lile la shaba, la bibi, lililotoka ng'ambo likiwa limefungwa ndani ya sketi. Oktoba aliungua kifundo cha mkono akimimina, nami tangu siku hiyo nimelificha kwenye kabati la chini nyuma ya ndoo. Kahawa namimina mimi, jikoni, naileta kwenye kikombe. Kila alasiri mama anapapasa mezani pale birika lilipokuwa likikaa. Mgeni akija, nesi, Bi Marit, hata mtu wa kusoma mita, mama anainuka nusu, anatazama huku na huku, kisha anakaa na kuona aibu. Nilidhani amesahau alichotaka kusema. Kumbe anataka kumkaribisha mtu kahawa na hana cha kumiminia. Miaka yote hiyo hakuna aliyeingia nyumba hii akatoka bila kumiminiwa na mkono wa mama, na mimi nimemnyang'anya.

Jana Mzee Stanko alikuja, mama akamwambia kodiani yake inalia kama ng'ombe aliyekwama kwenye tope. Tukacheka. Halafu akaanza kupapasa meza. Nikatoka nje nikasimama kwenye baridi kidogo.

Kwa hiyo zawadi ninayo. Lakini nina hofu, nami nakuambia wewe kwa sababu wewe huna tabia ya kunibembeleza. Tuseme imefanikiwa. Tuseme anatazama sura yangu, anangoja birika, na anasema Kaarina. Ni mimi aliyenijua, au ni birika? Arvo amerudi kwa mkate, Reino, na Arvo huyo si yule niliyekuwa nikigombana naye kwa kiti cha mbele. Huyu ananiulizia nitaondoka lini. Sitaki kurudi nyumbani kwetu kwa njia hiyohiyo aliyorudia yeye.

Na bado nataka. Hata kama ni birika. Mara moja tu nisikie ananiita.

Njoo. Kitanda chako nimekitandika. Lete soksi nene, umezoea ofisi.

Kaarina


Anchorage, Jumatatu, 1 Machi 1999

Dada Kaarina,

Ninatua Duluth Jumamosi hii, tarehe 6, na Mzee Stanko atakuja kunipokea na gari lake. Amekubali pia kukupa chumba cha marehemu mkewe kwa wiki moja. Ameniomba nikuambie kwamba hatapiga kodiani baada ya chakula cha jioni. Mwenyewe siamini.

Mpango ni huu, na Bi Marit ameupitia. Kuanzia Jumamosi jioni, kila kitu kinatoka mkononi mwangu. Chakula, dawa, kuoga nitasaidiana na nesi. Picha ya Arvo inabaki mahali pake, na mkate wake nitauoka mimi kwa maelekezo yako, nikiuharibu ni shauri langu. Nilipendekeza kumtoa, nikakosea. Sitapendekeza tena. Akiingia amelowa, taulo litakuwepo.

Picha yako tunaiweka Jumatatu. Chagua mpya, si ya harusi, iliyo kama ulivyo leo, na skafu ile ya kijani. Mama akisema jina lako, birika linatoka kabatini, kahawa ikiwa ya uvuguvugu, naye ananimiminia. Asiposema, nalitaja mimi na tunajaribu tena baadaye. Kwa picha nyingine yoyote, birika halionekani.

Usiingie ndani wiki hiyo hata ukisahau kitu. Usipite dirishani.

Swali lako nililipeleka kwa Bi Marit, kama atakuwa amekujua wewe au birika. Alisema hajui, na kwamba hakuna anayejua hata kwa watu wazima wenye afya. Mimi nami sijui. Nina picha yenye ndevu na uso usio na ndevu, kwa hiyo nitakuwa nimejaribiwa kabla yako. Nitakuambia kilichotokea mlangoni, kiwe kizuri au kibaya, kupitia kwa Mzee Stanko.

Jumamosi, tarehe 13, saa tisa alasiri, tunajaribu kwa mara ya kwanza bila picha. Vaa skafu. Usipitie mlango wa nyuma kama mtu wa nyumbani, njoo mlango wa mbele na ubishe hodi. Mkononi usiwe na kitu chochote. Mama ndiye atakayefungua, mimi nitakuwa nyuma yake nimeshika birika. Usijitambulishe. Atakukaribisha kahawa.

Kataa mara mbili.

Reino